Kanisa letu liko mtaani miaka tisa na majirani hawatujui, tuanzie wapi?

katibu_wa_sofia

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote habari zenu. Naandika kutoka Busia huku mpakani, upande wa Uganda. Mimi ni katibu wa kanisa moja dogo la kipentekoste, jina nitaliacha kwa sababu pasta wangu hajui kama nimeleta haya maneno hapa, lakini yamenikaa rohoni wiki ya tatu sasa na usingizi umekataa.

Tuko mtaa wa Sofia mwaka wa tisa huu. Kiwanja ni chetu, mabati mazima, ibada tunafanya kwa Kiswahili kwa sababu hapa Msamia, Mteso, Mganda, Mjaluo na Mkenya wa ng'ambo wote wanakutana kwa Kiswahili tu. Jumapili tunafika watu kama 140. Juzi nikachukua daftari la washirika nikaanza kuhesabu ni nani analala mtaa huu wetu, nikapata 19. Wengine wote wanakuja na boda ama teksi, wanaingia geti, wanasali, wanapanda tena wanaenda. Yaani sisi kwa mtaa huu ni geti la bluu tu na sauti.

Sasa hiyo sauti ndiyo imenileta. Ijumaa moja tulikuwa na kesha. Spika mbili kubwa, kibodi, kila kitu. Kama saa nne usiku kuna mwanaume akagonga geti, shemasi wetu kijana akatoka, yule mwanaume akaanza kuongea lakini kwa kelele hawakusikizana vizuri, kijana akamwambia karibu ndani baba, Yesu anakupenda, yule mtu akasimama kidogo akageuka akaenda. Sisi tukaendelea mpaka alfajiri. Jumapili mama anayechoma chapati nje ya geti ndiye akaniambia. Yule baba alikuwa amekuja kuomba tupunguze sauti. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa amefariki jioni hiyo kwa homa na mwili ulikuwa ndani ya nyumba, nyumba ya tatu kutoka ukuta wetu. Walikuwa wanalia na sisi tunapiga makofi.

Nimekaa na hiyo kitu. Miaka tisa, na hakuna mtu hata mmoja mtaani aliyeona ana njia ya kutufikia na habari ya msiba, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Nikaleta kwenye kikao cha wazee. Wawili wanasema dawa ni krusedi nyingine. Mwaka jana tulifanya ya siku tano ikala karibu milioni nne, mahema na jenereta na muhubiri wa kutoka mbali, wakaokoka watu 23, leo wamebaki wawili. Pasta yeye anasema Krismasi tugawe unga na sukari. Mimi sipingi kugawa lakini moyo wangu unakataa, naona kama bado hatujajibu swali. Mliopitia hii, kanisa linaingiaje kwa mtaa wake? Tuanzie wapi hasa?

---

mama_duka_mbale

Pole sana katibu, na pole zaidi kwa hiyo familia. Mimi nitakwambia kama mama. Kabla ya mpango wowote nendeni kwa hiyo nyumba. Msiende kumi na watano, nendeni wanne, watano, wamama wawepo. Bebeni sukari, unga, sabuni ya kufulia, vitu vya mtu aliyefiwa. Kibodi ibaki, kamera ya simu ibaki mfukoni, na pasta asihubiri. Aseme tulikosea, tulikuwa hatujui na tulipaswa kujua, tumekuja kuwapa pole. Halafu mkae. Wakinyamaza nyamazeni nao. Wakitaka maombi watasema wenyewe.

Baada ya hapo angalieni mnacho nini. Kanisa la watu 140 lina viti vya plastiki, si ndiyo? Vinakaa vimepangana kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi vinakula vumbi. Na hapo mtaani kila mwezi kuna mtu amefiwa anaenda kukodi viti kwa mtu wa mahema, kila kiti kinalipiwa, na bado kuna gari la kubeba mwili mpaka kijijini, ambalo ndilo linalomaliza watu kabisa. Sisi huku Mbale tulianza na viti. Tukaweka daftari moja kwa mlinzi wa geti, mtu yeyote mwenye msiba, awe Mwislamu, Mkatoliki, mlevi, asiyeamini chochote, anakuja anaandika jina na idadi, anachukua bure, anarudisha. Msiba tu, harusi mnalipa. Baadaye tukaongeza turubai mbili na sufuria zile kubwa za posho. Viti vimepotea? Ndiyo, vimepotea vichache, na mfuniko wa sufuria mmoja hatujauona mpaka leo. Ni sawa tu.

Lakini vifaa peke yake haviongei. Wamama wetu wakawa wanafuata viti. Yaani tukisikia viti vimetoka, wamama watatu wanne wanajifunga leso wanaenda kumenya matoke na kuchambua maharage huko huko msibani. Mtu mmemenya naye matoke kutoka saa kumi na moja asubuhi mpaka jua linawaka, vidole vimekuwa vyeusi na utomvu, huyo haulizi tena wewe ni wa dini gani, anajua jina lako na wewe unajua jina la marehemu na watoto wake wangapi wako shule. Hapo ndipo mtaa ulitujua.

Ile ya unga wa Krismasi, mimi naogopa. Watu wanapanga laini, mtu anapiga picha, tarehe 27 hakuna anayekumbuka jina la mwenzake.

---

katekista_tororo

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki lakini naomba nichangie kwa sababu sisi hii kitu tumeishughulikia muda mrefu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi mwaka 1976 wakaamua jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba kanisa halianzi pale penye altare, linaanza kwa nyumba zinazopakana. Familia kumi, kumi na tano, wanakutana nyumba kwa nyumba kila wiki, wanasoma neno, halafu lazima kuwe na ile sehemu ya kuulizana, nani anaumwa, nani mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, nani hatujamwona.

Katibu, kosa ambalo nimeona wengi wanafanya wakiiga hii, wanaunda vikundi kwa urafiki ama kwa umri, vijana huku, wamama kule. Hapana. Iwe kwa njia. Kila mtu anayelala kwenye ile njia ni wa kikundi cha ile njia, hata kama hampendani. Ndiyo utamu wake na ndiyo ugumu wake.

Kwenu shida ni moja, watu 19 tu ndio wa mtaa. Basi hao 19 ndio kanisa lenu la Sofia. Waiteni peke yao. Na mimi nadhani mtashtuka, kwa sababu mara nyingi hao wa karibu ndio hawana cheo kanisani, vyeo viko kwa wale wanaokuja na gari. Mama anayefagia kanisa pengine ndiye anayejua mtaa wote.

---

steji_namba_moja

mimi ni mtu wa boda hapo hapo busia sitasema steji gani. katibu asante kwa kusema ukweli. sisi tuko hapo barabarani kutoka saa kumi na moja asubuhi mpaka usiku na watu wa makanisa wanapita mbele yetu na biblia wanatuangalia kama sisi ni wezi, hata habari ya asubuhi hakuna, halafu siku ya krusedi ndio wanakuja na karatasi wanasema karibu. boda boda yenyewe ilizaliwa hapa kwa mpaka, watu wakibebana na baiskeli boda mpaka boda, sisi ndio wenyeji wa hii taun.

sisi tuko na mfuko wetu wa steji, kila jumatatu kila mtu anatoa elfu mbili, mwenzetu akianguka na pikipiki tunamtoa hospitali na pesa hiyo, akifa tunambeba mpaka kwao. kwa hiyo msifikirie mtaa ni watu wamelala tu wanangoja kanisa liwape mpango. mipango iko. pasta akitaka kutujua aje akae kwa benchi letu jioni bila suti, anywe chai, atasikia kila kitu cha mtaa, nani amefukuzwa nyumba, nani mtoto wake amepotea. yule mtoto wa miaka sita sisi tulijua saa hiyo hiyo ya jioni, mwenzetu mmoja ndio alimkimbiza hospitali. mngetuuliza tu

---

katibu_wa_sofia

Steji, hiyo ya mwisho imenichoma, na nashukuru umesema. Nitakuja kwa benchi mimi mwenyewe kwanza.

---

zaina_wa_jirani

Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kukulia ukuta kwa ukuta na kanisa, Kampala huku Katwe, kwa hiyo nitasema kama jirani.

Spika. Anzeni na spika. Mimi sina shida na Mungu kusifiwa, hata sisi tunaadhini. Lakini kuna wagonjwa, kuna watoto wa shule wanasoma wako na mtihani, kuna mtu anaamka saa tisa usiku kwenda soko la Owino. Sheria ya kelele iko tangu 2003 na kipimo cha usiku kiko chini ya kile cha mchana, lakini ukweli ni kwamba jirani akishafika mahali pa kwenda kulalamika kwa LC, yaani baraza la mtaa, ama NEMA, mamlaka ya mazingira, ujirani umeshakufa siku nyingi.

Kanisa la hapa kwetu walibadilika na nitawaambia walifanya nini hasa. Walituma watu wawili kila nyumba inayopakana, wakauliza, sauti ikifika saa ngapi inakuwa shida kwenu? Hakuna aliyewahi kutuuliza. Tukakubaliana saa nne usiku spika zinazimwa, wanaimba kwa midomo. Na nitakwambia kitu, zile nyimbo za midomo usiku ni nzuri, mama yangu mgonjwa alikuwa anasema wacha dirisha wazi. Spika wakazigeuza zikaangalia ndani badala ya barabarani. Wakaacha namba ya simu ya mtu mmoja, kukiwa na msiba ama mgonjwa tupige, wanazima bila maswali. Tumepiga mara mbili katika miaka yote hiyo na mara zote mbili walizima.

Ya pili ni maji. Wao wako na tanki kubwa, bomba likikauka mtaani wanafungua mfereji wa upande wa nje. Ramadhani wanafungua mapema watu wachote kabla ya kufuturu. Hakuna anayesimama pale na karatasi za kutuambia tuokoke. Mtoto wangu akikosa mimi nyumbani, ameshajua anaenda kukaa pale kwa mama mlinzi mpaka nirudi.

---

askari_wa_neno

Ndugu zangu mimi naomba tuwe waangalifu. Nimesoma hapa juu viti, maji, chai, benchi la boda. Sijasoma toba. Kanisa likianza kuwa kama shirika la misaada linaishia kuwa shirika la misaada, tumeona. Mitume walisema haifai wao kuacha neno la Mungu wakahudumie meza, someni Matendo sura ya 6. Krusedi zimeokoa watu wengi, mimi mwenyewe nimeokoka kwenye krusedi Jinja nikiwa mlevi wa kulala kwenye mtaro. Katika wale 23 wawili wamebaki, hao wawili ni roho, msiwahesabu kama hasara. Kama majirani wanasumbuliwa na injili, hata Paulo walimpiga mawe.

---

mwalimu_mstaafu_soroti

Ndugu Askari, ushuhuda wako ni wa kweli na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Lakini hiyo sura ya 6 isome mpaka mwisho. Shida ilikuwa wajane wa watu wa lugha nyingine wanasahauliwa kwenye chakula cha kila siku. Mitume hawakusema meza iachwe, walichagua watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho, wakawawekea mikono, wasimamie hiyo kazi. Na ukiendelea mstari wa 7, neno la Mungu likazidi kuenea. Lilizidi kuenea baada ya wajane kula. Na Busia ni mji wa lugha nyingi kama Yerusalemu ya siku hizo, yule anayesahauliwa mara nyingi ni yule ambaye lugha yake haina mzee kwenye kikao.

Na kwa hili la mawe. Paulo alipigwa kwa neno alilosema. Yule baba aliyegonga geti hakukataa neno, hakulisikia kabisa, alisikia besi.

Niongeze moja ambayo watu hawaisemi. Uganda hii yetu karibu kila mtu tayari ni wa mahali fulani. Sensa ya 2014 ilikuta Wakatoliki asilimia 39, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, Wapentekoste 11. Kwa hiyo lengo likiwa ni kujaza viti vyetu, kwa sehemu kubwa tunahamisha watu kutoka kanisa la mwenzetu, na mtaa unaliona hilo, ndiyo maana wanakuwa baridi. Lakini Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli wautakie amani mji ule na kuuombea, kwa sababu katika amani yake ndipo na wao wangepata amani. Mji mzima, pamoja na wasiosali kama wao.

Huku Teso baada ya vita na wizi wa ng'ombe tulikuwa tumezoea kungoja lori la msaada. Kanisa la PAG (Pentecostal Assemblies of God) wakaja na njia nyingine, wanakaa na kijiji kizima, si washirika peke yao, wanauliza sisi wenyewe tuna nini, tuna ardhi, tuna mikono, tuna nani anayejua kufyatua matofali. Inachukua miezi. Vikao vingi, watu wengine wanachoka wanaondoka. Lakini kile ambacho kijiji kinafanya baada ya hapo ni chao, mfadhili akiondoka hakifi. Kwa hiyo katibu kabla hamjaamua chochote, ulizeni. Na mkiuliza, mzee wa kanisa asiwe na jibu tayari mfukoni.

---

nesi_kla

Mwalimu amesema vizuri. Mimi nilikuwa nesi miaka ya ukimwi na naomba niseme kidogo kwa sababu vijana hawajui. Wakati ule mgonjwa alikuwa anafichwa chumba cha nyuma, na makanisa mengi tulikuwa tunasema ni adhabu. Nasema tulikuwa, kwa sababu na mimi nilikaa kimya kwenye hayo mahubiri na kesho yake nawafunga watu vidonda. Mwaka 1992 Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Uganda akasema wazi ana virusi, mtu wa kola, na hiyo ilifungua midomo ya watu wengi sana. Halafu 2001 parokia ya Mbuya hapa Kampala wakaanzisha Reach Out, wakawa wanawafuata wagonjwa nyumbani, dini yoyote, na wengi wa waliokuwa wanatembea nyumba kwa nyumba ni wagonjwa wenyewe waliopata nafuu. Hapo ndipo niliona tofauti. Yule aliyesaidiwa jana, leo ndiye anashika kitabu cha dawa cha jirani yake. Hakubaki kuwa mtu wa kupokea.

Katibu, huyo baba aliyefiwa, msimfanye mradi wenu. Ikifika siku, muulizeni yeye awaongoze.

Kwa mtoto aliyekufa na homa: kila kijiji kina VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji. Wajueni kwa majina, waombeni waje dakika kumi kabla ya matangazo ya Jumapili waseme dalili za malaria kali kwa mtoto, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege, kulegea, kutapika kila kitu. Mkiona hizo mtoto anakimbizwa kituo cha afya usiku huo huo, maombi mnaombea njiani.

---

mama_duka_mbale

Amina nesi. Na mimi naongeza haraka, wanasiasa. Mkianza kupendwa na mtaa watakuja na bahasha. Mkiwapa maikrofoni mara moja tu, mtaa utasema kumbe viti vilikuwa vya fulani.

---

katibu_wa_sofia

Wapendwa nimerudi, zimepita wiki tano. Nilisema nisiandike mpaka niwe na kitu cha kusema.

Tulienda kwa yule baba. Tulikuwa wanne, pasta, mimi, mama anayefagia kanisa, na shemasi yule yule kijana, yeye mwenyewe ndiye aliomba kuja. Mke wake alituletea vigoda, yeye akabaki amesimama mlangoni. Pasta akasema yale mama wa Mbale alisema, maneno machache tu. Shemasi akataka kuongea akashindwa, akaanza kulia. Yule baba alimwangalia muda mrefu, akasema, kijana, hukusikia. Basi. Hakusema tumewasamehe, hakusema karibu tena. Tulikaa kama saa moja. Mama wa mtoto akatuonyesha daftari la shule la marehemu, mtoto aliandika jina lake ukurasa wa kwanza kwa penseli, herufi moja imegeuka nyuma. Tukaondoka.

Wale 19 tukawaita. Katekista ulisema kweli, hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye kamati yoyote. Tukawagawa wawili wawili, wakatembea nyumba 40 na swali moja, kitu gani kinawasumbua hapa mtaani. Tukamwambia mwenyekiti wa LC1 kwanza, akafurahi, akasema yeye mwenyewe hajawahi kupata watu wa kumsaidia kuuliza. Mimi nilifikiri watasema kazi na pesa. Walichosema zaidi ni mtaro. Huo mtaro unaopita nyuma ya kanisa, mvua ikinyesha unaziba na maji machafu yanaingia nyumba za chini. Na kilichouziba kwa sehemu ni kifusi cha mawe yetu tulipojenga ukuta. Miaka minne watu wanapiga maji nje na beseni kwa sababu ya ukuta wetu na hakuna aliyekuja kutuambia.

Cha pili ni wamama wanaovuka na mzigo, mahindi, mayai, maharage. Wanapita njia za panya wanaogopa forodha, huko wananyang'anywa, wengine wanashikwa vibaya. Kumbe katika washirika wetu kuna kijana anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Akatuambia kwa Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 na ni wa mazao yaliyoko kwenye orodha, unajaziwa cheti rahisi cha uasili, cha kuonyesha mazao yametoka Afrika Mashariki, pale pale mpakani, ushuru wa forodha haulipwi. Kodi nyingine na karatasi ya ukaguzi wa mazao inaweza kuhitajika, hapo anaeleza kulingana na mzigo. Tangu 2018 kituo ni kimoja, unamaliza Uganda na Kenya kwa jengo moja. Wamama wengi hawakujua, ama walisikia lakini fomu ni ya Kiingereza. Sasa Jumanne na Alhamisi jioni anakaa kwenye banda letu la sande skuli anawaonyesha kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kila mtu na kalamu. Wa kwanza walikuja sita, juzi 31, nusu ni Waislamu, mmoja ni mwanamke aliyenitukana mwaka jana juu ya kelele.

Spika saa nne zinazimwa. Wazee wawili hawakupenda na bado hawapendi, mmoja ameanza kusali mahali pengine, imeniuma maana ni mtu aliyenifundisha kuomba. Namba ya simu ya kuzima sauti ni yangu. Ndugu Askari, toba unayoitafuta, kwa sasa naiona ndani ya ukuta wetu zaidi.

Steji, chai yenu ina tangawizi nyingi sana na mwenzenu bado ananidai elfu moja.

---

steji_namba_moja

ni mimi unanidai? aah sawa ni wewe 😂 karibu kila siku katibu. yule kijana shemasi amekuja pia mara tatu, tumemwonyesha pikipiki

---

katibu_wa_sofia

Moja nilisahau. Alhamisi iliyopita yule baba alikuja getini. Ndugu yake alifariki huko Marachi. Akaomba viti 30. Mlinzi akamwonyesha daftari la viti, kama lile la Mbale, akaandika. Nilitaka kusema kitu nikakosa, nikamsaidia tu kupakia kwenye mkokoteni, na shemasi akasukuma nao mpaka huko. Vimerudi jana vyote 30, kimoja mguu umepasuka, tumeufunga na waya.

Mtaro ni Jumamosi hii saa moja asubuhi, LC1 ametangaza, watu wa steji wanakuja, imamu wa msikiti wa chini amesema atatuma vijana kumi. Tuko na majembe ya kutosha na koleo sita. Kama kuna mtu hapa wa Busia yuko na wilibaro ya kutuazima mpaka saa saba, aniandikie, hicho kifusi chetu ni kizito.